Kisu Mkononi mwa Mgeni

Msomaji mpendwa, katika vyombo vyote ambavyo mwanadamu amejitengenezea, ni vichache vilivyomfuata kwa uaminifu kama kisu. Jembe hubaki shambani, chungu hubaki mekoni, bali kisu huandamana na mwenyewe, kiunoni au mfukoni, tangu asubuhi hata jioni. Wahenga walilijua jambo hili waliponena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Walakini waandishi wa historia hawakisemi kisu mara nyingi. Husema habari za wafalme, vita na mikataba, na kisu kilichokata nyama ya wote hao hukipita bila kukitazama.

Katika kurasa hizi nataka tulitazame jambo moja tu. Ni nini hutukia mtu ashikapo kwa mara ya kwanza kisu ambacho hakukifua yeye, wala hakukusudia kukitumia, bali amekitafuta ili akihifadhi? Mtu wa namna hiyo tunamwita mkusanyaji. Jicho lake la kwanza huona mengi, na mengine halioni kabisa. Nasi watu wa Mlima Kenya tuna haja kubwa ya kujua lilichoona na lisichokiona, maana vitu vingi vya babu zetu vilipitia mbele ya jicho hilo kabla ya kuwekwa mahali vilipo leo.

Tuanze mbali ili tufike karibu. Huko Marekani, katika mji wa Titusville wa jimbo la Pennsylvania, ilianzishwa mwaka wa 2006 kampuni iitwayo Great Eastern Cutlery, nayo ikajulikana kwa visu vya kukunja vya mtindo wa kale. Visu hivyo ni vya mfukoni. Bapa lake ni la feleji ishikayo kutu na kugeuka rangi kwa kutumiwa, mpini wake ni wa mfupa au mti, na mgongoni mna kamani, yaani chuma chembamba kirudicho kama upinde, kinachokizuia kisu kisijikunje chenyewe. Kila namna hufanywa kwa idadi ndogo, kisha huachwa na kufanywa nyingine. Kwa sababu hiyo wako watu wanaovingojea kwa hamu, na wakivikosa huvinunua kwa wenzao kwa bei ya juu.

Tazama jinsi mtu wa namna hiyo akipokeavyo kisu kipya. Hakati kitu. Kwanza hukipima uzito kiganjani. Kisha hukifungua polepole, huku akisikiliza mlio wa kamani: mlio mkavu na thabiti humfurahisha, na mlio mlegevu humtia shaka. Halafu hukiinua mbele ya nuru, aone kama mwanga wapenya baina ya kamani na ubavu wa mpini. Hukikunja, akatazama kama bapa limelala katikati au limeegemea upande mmoja. Mwisho wa yote ndipo hupeleka kidole karibu na makali. Mengi hujulikana kwa njia hiyo, wala si haki kuicheka, maana mtu huyo anasoma kazi ya mikono kama wewe usomavyo herufi. Lakini angalia: huenda kisu hicho kisikate hata chungwa maisha yake yote.

Tena yuko mtu mmoja ambaye mkusanyaji wa visu vya Ulaya na Marekani humtafuta kwanza kabla ya yote, naye ni mtengenezaji. Hutazama alama iliyogongwa chini ya bapa. Desturi hiyo ni ya zamani. Mji wa Sheffield wa Uingereza ulikuwa umesifika kwa visu tangu karne ya 14, hata mshairi Geoffrey Chaucer akakitaja kisu cha huko katika moja ya hadithi zake. Mwaka wa 1624 bunge la Uingereza lilikiidhinisha kwa sheria chama cha mafundi wa visu wa eneo hilo, na kazi mojawapo ya chama ilikuwa kuandikisha alama ya kila fundi, ili mmoja asiiibe ya mwenzake. Basi kisu cha Sheffield chaweza kumfikia mtu baada ya miaka 200, naye akaweza kuuliza, “Alama hii ilikuwa ya nani?” akapata jibu. Liweke neno hilo moyoni, msomaji, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwetu. Githongo iko katika nchi ya Imenti, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu kwenye baridi ambako majani ya chai husitawi. Mito ya huku huteremka kutoka mlimani ikielekea mto Tana. Mgeni aitazamapo mito hiyo huona maji na mawe tu. Wahunzi wa kale wa nchi za mlima huu waliiona kwa jicho lingine, kwa kuwa katika michanga ya mito kama hiyo hupatikana chembe nyeusi nzito zenye chuma.

Elimu ya chuma katika Afrika ya Mashariki ni ya kale sana. Huko Kwale, karibu na pwani, wachimbuzi wa mambo ya kale waligundua katika miaka ya 1960 mabaki ya wakulima waliojua chuma yapata karne ya tatu baada ya Kristo. Na huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee walijenga upya tanuri la kale katika miaka ya 1970 mbele ya mtaalamu Peter Schmidt, wakaonyesha ustadi wa kuyeyusha chuma uliowastaajabisha wataalamu wa ulimwengu. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba chuma kililetwa huku na wageni, mjibu kwa adabu kwamba sivyo.

Namna ya kazi katika nchi za Mlima Kenya ilikuwa hivi. Mchanga mweusi ulikusanywa mtoni, ukaoshwa ili udongo mwepesi uchukuliwe na maji na chembe nzito zibaki chini. Kisha ulianikwa juani hata ukauka. Makaa yalichomwa kwa miti migumu. Tanuri lilikuwa shimo lililozungushiwa udongo wa mfinyanzi, na hewa ilipulizwa ndani kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ikipita katika bomba la udongo. Mtu mmoja alikamua mvukuto huu na ule kwa zamu, mkono baada ya mkono, ili pumzi isikatike.

Huenda wewe usomaye kemia darasani utapenda kujua yaliyotukia humo ndani. Mkaa uunguapo penye hewa haba hutoa gesi inayounyang'anya mchanga ule oksijeni yake, na chuma hubaki peke yake. Moto wa tanuri hilo haukuhitaji kufika digrii 1,538 za sentigredi, ambapo chuma huyeyuka kuwa maji. Chuma kilitoka kikiwa donge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na mavi ya chuma. Donge hilo lilipigwa nyundo likiwa jekundu, likarudishwa motoni, likapigwa tena, hata taka zikatoka na chuma kikashikamana. Hapo ndipo mhunzi alipoweza kuanza kufua jembe, mkuki, simi au kisu.

Sasa fikiri, msomaji. Siku ngapi za kuosha mchanga, magunia mangapi ya makaa, na mikono mingapi ilihitajika ili kipatikane kisu kimoja? Wafanya biashara wa siku hizi hutangaza kwa fahari kwamba wametoa visu vichache tu vya namna fulani. Kwa mhunzi wa kale uchache haukuwa tangazo. Hakuweza kufanya vingi hata angalitaka, na kila kimoja kilifuliwa kwa ajili ya mtu ajulikanaye, kwa kazi ijulikanayo. Kisu cha kuchunia ngozi hakikuwa kisu cha kuchinjia, wala wembe wa kunyolea haukuwa sawa na kisu cha ngariba.

Katika silaha za watu wa mlima huu, simi ndiyo iliyowavutia wageni mbele ya kisu. Ni upanga mfupi wenye bapa lililo jembamba karibu na mpini na kupanuka kuelekea nchani, kama jani refu. Bapa lina tuta katikati, ambalo hulipa nguvu bila kuliongezea uzito mwingi. Msuko wake, yaani ile sehemu iingiayo ndani ya mpini, hufunikwa kwa mti na ngozi, na hakuna kizuizi cha kukinga mkono. Ala yake ni ya ngozi, aghalabu yenye kupakwa rangi nyekundu, na hufungwa kiunoni upande wa kulia. Mtu aliyezoea panga za Ulaya akiishika mara ya kwanza huhisi kwamba imelemea mbele, akadhani fundi amekosea. Fundi hakukosea. Uzito ule wa nchani ndio unaofyeka tawi kwa pigo moja, maana simi haikuwa ya vita peke yake. Ilikata njia msituni, ilikata kuni, tena iliweza kuchinja ng'ombe. Jicho lilihukumu kabla ya mkono kufanya kazi.

Wageni hao walikuwa akina nani? Mwaka wa 1887 Count Samuel Teleki wa Hungaria, pamoja na afisa wa majini Ludwig von Höhnel, alipita katika nchi ya Wakikuyu akielekea kaskazini, na mwaka wa 1888 wakafika katika ziwa ambalo leo ni Ziwa Turkana. Katika miaka hiyo hiyo, 1887 hadi 1889, daktari Mmarekani, William Louis Abbott, alikaa katika nchi za Kilimanjaro akikusanya vitu vya Wachaga na Wamasai, akavipeleka katika makumbusho ya taifa mjini Washington, na orodha yake ikachapishwa huko. Mwaka wa 1892 Mmarekani mwingine, William Astor Chanler, alisafiri na yule yule von Höhnel hata wakafika katika milima ya Nyambene, katika nchi ya Wameru, na mwaka wa 1896 akatoa kitabu cha safari hiyo. Baadaye walikuja William Scoresby Routledge na mkewe Katherine, wakaishi karibu na Nyeri, wakachapisha mwaka wa 1910 kitabu kikubwa juu ya Wakikuyu.

Hatupaswi kuwadharau watu hawa wote kwa pamoja. Akina Routledge hawakutosheka na kushika simi na kuisifu au kuiumbua. Walikwenda kwa wahunzi, wakatazama tangu kuoshwa kwa mchanga hata kufuliwa kwa chuma, wakapiga picha za kazi hiyo hatua kwa hatua. Kama wasingalifanya hivyo, mengi tunayoyajua leo yangalipotea. Lakini soma jina la kitabu chao: With a Prehistoric People, maana yake, Kukaa na Watu wa Kabla ya Historia. Watu waliokuwa wakiyeyusha chuma mbele ya macho yao, watu wenye mababu, mariika na mashauri, walipewa jina la watu wasio na historia! Kurasa za ndani zilizaliwa na kutazama kwa muda mrefu. Jalada lilizaliwa na jicho la kwanza.

Mfano wa pili unahusu sisi wenyewe zaidi. Mwaka wa 1925 afisa wa serikali ya kikoloni, Granville Orde-Browne, alichapisha kitabu juu ya makabila ya upande wetu wa mlima, wakiwamo Waembu, Wachuka na Watharaka. Akakiita The Vanishing Tribes of Kenya, yaani makabila ya Kenya yanayotoweka. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 kaunti ya Embu ilikuwa na watu zaidi ya 600,000, Tharaka-Nithi zaidi ya 390,000, na Meru zaidi ya milioni moja na nusu. Kama huko ndiko kutoweka, basi tumetoweka kwa namna ya ajabu.

Walakini kosa lililo kubwa kuliko hayo halikuandikwa kwenye jalada lolote. Kumbuka alama za mafundi wa Sheffield. Simi na visu vya huku havikuwa na alama ya kuandikishwa mahali popote, wala havikuihitaji. Kijijini kila mtu alijua mkono wa mhunzi wake, kama ujuavyo sauti ya jirani yako gizani. Kisu kilipotoka kijijini kikaingia sandukuni mwa mgeni, ujuzi huo ulibaki nyuma. Kwa kawaida orodha za makumbusho hutaja jina la mkusanyaji, mwaka wa kupokewa, na jina la kabila. Jina la aliyekesha akivukuta halimo. Na hata kabila laweza kuandikwa vibaya, maana simi za Wamasai, Wakikuyu na Wameru zinafanana, na mgeni aliyekwisha kuwasikia Wamasai tu aliweza kwa urahisi kuwapa wao kazi ya watu wengine.

Lilipotea pia jambo lisiloonekana kwenye chuma chenyewe, nalo ni cheo cha mhunzi. Jomo Kenyatta aliandika mwaka wa 1938, katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kwamba laana ya mhunzi iliogopwa sana na Wakikuyu. Kwa Wamasai, wahunzi waitwao ilkunono walihesabiwa kuwa watu wa kutengwa, ijapokuwa moran hakuweza kwenda vitani bila kazi yao. Huko Ugweno, katika milima ya Upare, ukoo wa Washana, ambao ni wahunzi, ulikuwa ukitawala kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Ufundi ni mmoja, lakini hapa mhunzi aliogopwa, pale alitengwa, na kwingine alitawala. Weka visu vitatu vya nchi hizo juu ya meza, uvitazame mchana kutwa. Havitakuambia hayo kama hukuuliza watu.

Ufundi huu ulipunguaje? Haukufa kwa siku moja. Kwanza ulikuja uzi mnene wa chuma ulioletwa na misafara ya biashara kutoka pwani. Mhunzi akaona ni rahisi kuufua huo kuliko kuosha mchanga. Mwaka wa 1908 E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, aliweka boma la serikali Meru, na bidhaa za madukani zikafuata utawala. Mapanga na visu vya viwandani viliuzwa kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuweza kushindana nayo. Moto wa kuyeyusha ukazimika, lakini moto wa kufua haukuzimika. Wahunzi waligeukia springi za magari na vyuma chakavu. Na baada ya mwaka 1952, vita vya ukombozi vilipopamba moto, mafundi wa Mau Mau walitengeneza bunduki kwa mabomba na vipande vya chuma. Hata leo fundi wa jua kali afuaye panga chini ya mti ni mrithi wao, ajue asijue.

Na vile vilivyochukuliwa viko wapi? Kati ya mwaka 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa Kenya na makumbusho ya miji ya Cologne na Frankfurt ya Ujerumani, yaliendesha mradi ulioitwa International Inventories Programme, wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Vilipatikana zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 tu, za Ulaya na Marekani. Fikiri juu ya hesabu hiyo: kama ungetazama kitu kimoja kila siku, bila kupumzika hata Jumapili, ungehitaji zaidi ya miaka 87 kuvimaliza. Watu wengi wa Kenya hawatafika Cologne wala Washington. Jicho lililoviona kwanza bado ndilo linalovisemea.

Pengine utauliza, “Mimi mwanafunzi nitafanya nini?” Nakujibu kwamba kazi iliyo mbele yako ni kubwa, tena haihitaji nauli ya ndege. Iko Makumbusho ya Meru, iliyofunguliwa mwaka wa 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, nenda ukatazame. Na kabla ya hapo, tazama nyumbani. Katika nyumba nyingi za nchi hii mna kisu cha zamani ambacho bapa lake limekonda kwa kunolewa, hata hakina thamani sokoni. Kichukue mkononi kama achukuavyo mkusanyaji: kipime uzito, angalia mgongo na ncha, uone jinsi msuko ulivyoingizwa mpinini, na kama noleo, ile pete ya chuma ya kuukaza, ingali imeshika. Ukiona makali yamelika upande mmoja zaidi, jua mwenye kisu alinoa kwa mkono upi.

Lakini usiishie hapo, maana hapo ndipo wageni wengi walipoishia. Mwendee mzee aliye karibu nawe, umwamkie kama ipasavyo, uketi, ndipo umwulize: Nani alikifua? Alikuwa wa ukoo gani? Chuma kilitoka wapi? Alilipwa nini, mbuzi au fedha? Kilifanya kazi gani, na ni nani asiyeruhusiwa kukishika? Yaandike majibu kwenye daftari, pamoja na jina la msemaji na tarehe. Akikuambia jina la mhunzi, liandike kwa uangalifu, tena umsomee ahakikishe. Fanya hivyo mapema. Chuma hukaa muda mrefu kikingoja mtu wa kukisoma, bali wazee hawana muda huo.

Yawezekana kwamba siku moja vitu vile 32,000, au baadhi yake, vitarudi. Siku hiyo sanduku litafunguliwa, na simi itatolewa ikiwa na kijikaratasi chenye jina la msafiri na mwaka wa safari yake. Mtu wa kwetu ataishika kwa mara ya kwanza. Je, atakuwa na la kusema zaidi ya kwamba ni nzito kuelekea nchani? Jibu la swali hilo halitapatikana ndani ya sanduku. Litapatikana katika daftari ambazo ninyi wanafunzi mtakuwa mmeziandika, au halitapatikana kabisa.